Jina lako liko wapi? Mazungumzo na wakazi wa Riruta Satellite

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya mwalimu mstaafu, mkazi wa Satellite aliyewahi kuhudumu kama karani wa uchaguzi, katika kikao cha elimu ya uraia cha wakazi wa Riruta na Kawangware. Sehemu ya maswali haikuchapishwa kwa sababu ya nafasi.



Niliombwa nizungumze juu ya hamu ya kupiga kura. Mwenyekiti aliniambia, "Mwalimu, waambie watu wajitokeze." Nimelifikiria ombi hilo wiki nzima na naona, kwa heshima, kwamba kujitokeza si ugonjwa wetu mkubwa. Watu wa hapa hujitokeza. Lakini wengi hujitokeza mahali ambapo majina yao hayapo, au majina yao yako mahali ambapo wao hawapo. Ndiyo sababu leo sitawahimiza sana. Nataka kuwauliza jambo moja: jina lako liko wapi?

Mnakumbuka tarehe 4 Machi 2013. Filimbi na vuvuzela zilianza kulia Kibra na huku kwetu gizani, kabla hata jogoo hajawika. Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, lakini kufikia saa tisa usiku watu walishajaa langoni mwa shule, kina mama wamejifunga leso mabegani, wazee wamebeba viti vya plastiki. Mwaka huo, kati ya kila Wakenya 100 waliosajiliwa, karibu 86 walipiga kura. Agosti 2017 walikuwa kama 78. Agosti 2022 wakashuka hadi 65 hivi, na hapa Nairobi tulikuwa chini zaidi ya hapo. Sajili ya kaunti yetu ilikuwa na wapiga kura 2,415,310, na waliofika vituoni ni takriban 56 kati ya kila 100.

Hata Kibra, mahali pa vuvuzela, hamu ina mipaka yake. Ken Okoth alipofariki Julai 2019, uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 7 Novemba mwaka huo. Waliosajiliwa walikuwa zaidi ya 118,000. Mshindi alipata kura 24,636, na wote waliopiga kura walikuwa kama thuluthi moja tu ya sajili. Siku hiyo karatasi ilikuwa moja, hakukuwa na ya rais, na wengi waliona si siku yao.

Wapo wanaosema vijana wamekufa moyo. Ni kweli kwa kiasi fulani. Mwaka 2022 vijana wa miaka 18 hadi 35 walikuwa chini ya asilimia 40 ya sajili, na idadi yao ilikuwa imepungua kuliko 2017, ilhali kila siku tunaona nchi imejaa vijana. Kijana mmoja wa bodaboda aliniambia: "Mwalimu, 2017 nilipanga laini kutoka saa tisa usiku. Barabara yetu bado ni matope. 2022 nililala." Nilimuuliza mwakilishi wadi aliyemchagua 2017 ni nani. Hakukumbuka. Alikuwa amepiga suti, zile kura za vipande sita, akifuata rangi ya chama kuanzia juu hadi chini. Sikumcheka. Nilimuuliza tu alikuwa amejisajili wapi, akanijibu Gatina, alikokuwa akiishi na kaka yake. Barabara ya matope anayoilalamikia iko Satellite.

Sasa hapo ndipo kwenye kisa chenyewe.

Mtu akihama Gatina kuja Satellite, mkokoteni hubeba kitanda, meko na mitungi kwa safari mbili, jioni ashapika chai katika ploti mpya. Kwake yeye ni kama amehama chumba tu. Lakini kwenye ramani ya uchaguzi amehama mbali. Gatina, kama Kawangware na Kabiro, ni wadi ya Dagoretti Kaskazini. Satellite iko wadi ya Riruta, na Riruta iko Dagoretti Kusini pamoja na Ngando, Waithaka, Mutuini na Uthiru/Ruthimitu. Mbunge ni mwingine, mwakilishi wadi ni mwingine. Kijana wangu aliwapigia kura viongozi wa mtaa aliouacha, kisha akahuzunika kwamba mtaa aliohamia haukubadilika.

Huyo walau alikuwa karibu. Kuna walio mbali zaidi. Jirani yangu mmoja, mama anayefua nguo kwenye nyumba za watu, jina lake liko kijijini kwao, Kakamega, tangu alipochukua kitambulisho. Hapa ameishi miaka kumi na moja. Watoto wake wote wamezaliwa hapa na wanasoma hapa. Kila uchaguzi hupanga kusafiri. Mwaka 2022 nauli ilipanda wiki ile, kama inavyopanda kila msimu wa safari, na mwajiri wake alitaka arudi kazini siku ya pili. Akabaki. Asubuhi ya tarehe 9 Agosti alitoka akatazama mlolongo, akasalimia watu, akarudi nyumbani kupika. Hamu alikuwa nayo, na kitambulisho kilikuwa mfukoni.

Nisiwafiche kwamba kuna sababu nyingine inayofanya watu waache majina yao ocha, au waondoke hapa kabla ya uchaguzi hata kama wamejisajili hapa. Ni hofu. Tuliokuwa hapa Januari 2008 hatuhitaji kuambiwa. Na jioni ya tarehe 27 Oktoba 2017, siku moja baada ya uchaguzi wa marudio, vibanda na maduka yaliteketea Kawangware na watu wa ploti moja wakaanza kuulizana makabila. Kuanzia hapo, kila Julai ya mwaka wa uchaguzi, stendi za mabasi hujaa kina mama na watoto na magodoro. Siwezi kumwambia mzazi asiwapeleke watoto wake anapoona kuna usalama. Lakini nitasema ninachokiona kama mkazi: mtaa ambao nusu ya watu wake wameondoka ndio mtaa unaotisha zaidi. Milango imefungwa, hakuna mama mboga barabarani, na kila kelele inasikika kubwa. Mwaka 2022 tulipiga kura kwa utulivu, na waliobaki wataniunga mkono kwamba foleni ya shule ilikuwa mahali salama kuliko pote mtaani. Umesimama na yule mnayeshiriki bomba la maji, mbele yako kuna fundi wa viatu, nyuma yako kuna mchungaji. Nani atamrushia nani jiwe?

Nirudi kwenye hesabu, maana mimi ni mwalimu wa hesabu na mmenivumilia.

Mwaka 2022 sajili ya taifa ilikuwa na watu 22,120,458. Kwenye karatasi ya rais, wewe ni mmoja kati ya hao. Nairobi ina wadi 85. Ukigawanya wapiga kura wa kaunti kwa wadi hizo, kila wadi inapata kama 28,400. Kwenye karatasi ya mwakilishi wadi, kwa hiyo, wewe ni mmoja kati ya elfu 28 hivi. Kura yako kwenye karatasi ile ndogo ina uzito karibu mara 780 ya ile tunayoitolea vuvuzela usiku. Na hiyo ni kama wote watakuja. Wakija 56 kati ya 100, na wagombea wakiwa kumi, ploti kumi za Satellite zenye watu waliojisajili hapa zinaweza kumwinua mtu au kumwangusha.

Huyo mtu anahusika na nini? Katiba ya 2010 ilizipa kaunti zahanati na vituo vya afya, masoko, uzoaji taka, shule za chekechea, barabara za kaunti, mitaro, taa za barabarani, maji na majitaka. Mwakilishi wadi ndiye anayeketi bungeni mwa kaunti bajeti ya mambo hayo inapopitishwa. Taka ikikaa wiki mbili mbele ya kioski chako, anayepaswa kuulizwa hajakaa Ikulu. Naye akija kuhesabu watu wake, huwahesabu walio kwenye sajili ya wadi yake. Wewe uliyejisajili Kakamega, Machakos au Gatina, kwake wewe ni mpita njia unayelipa kodi ya nyumba.

Naona mzee pale anatikisa kichwa. Najua anachokumbuka: mlolongo wa 1988. Vijana hamkuwapo. Katika uteuzi wa KANU mwaka huo watu walipangwa mstari nyuma ya wagombea au picha zao, wakahesabiwa hadharani, na mwajiri wako, chifu wako, na anayekudai pesa, wote waliona umesimama nyuma ya nani. Bwana chifu anisamehe, zilikuwa zama zingine. Mstari ule ndio uliokuwa kura yenyewe. Mstari wa leo unakufikisha tu kwenye kijisanduku cha kadibodi ambamo hakuna jicho la mtu. Ndiyo maana hairuhusiwi kupiga picha karatasi yako. Anayekwambia umletee picha ndipo akulipe, anataka kuurudisha mstari wa 1988 kupitia simu yako.

Sasa siku yenyewe. Nimeikalia meza ile chaguzi tatu na nimeona hamu ya watu ikifia kwenye mambo madogo, kwa hiyo mniruhusu nichelewe kidogo hapa.

La kwanza ni foleni isiyo yako. Kituo kimoja hakizidi wapiga kura 700. Shule kubwa kama Riruta Satellite huwa na vituo kadhaa ndani yake, kila darasa na orodha yake, na majina hugawanywa kwa alfabeti. Nimemwona soja aliyetoka zamu ya usiku akasimama saa mbili na nusu kwenye mstari mrefu kwa sababu ulikuwa mrefu, akidhani huo ndio wa kwake. Alipofika mezani, jina lake lilikuwa darasa la pili kutoka mwisho, ambako hapakuwa na watu kumi. Kabla ya kusimama, tafuta orodha iliyobandikwa mlangoni au muulize karani wa langoni. Miaka ya 2017 na 2022 Tume ya Uchaguzi, IEBC, iliruhusu watu kuthibitisha majina kwa ujumbe mfupi kwenda namba 70000. Huduma hiyo itakapofunguliwa tena, itumieni wiki kadhaa mapema. Msingoje usiku wa kuamkia kura. Na msidhani jina kukosekana ni jambo la watu wadogo. Mwaka 2007, mgombea urais mwenyewe alifika kituoni Kibera na jina lake halikuonekana kwenye daftari. Ilibidi arudi baadaye siku hiyo ndipo akapiga kura.

La pili ni vidole. Mtambo wa KIEMS husoma alama za vidole, na vidole vya Kawangware ni vidole vya kazi. Anayefua kwa sabuni ya unga kila siku, anayechanganya simiti mjengoni, anayemenya viazi vya chipsi, alama zake zimelika. Mtambo ukikataa, usiondoke na usikubali kuaibishwa. Karani anapaswa kujaribu vidole vingine. Vikikataa vyote, anakutafuta kwa kitambulisho chako, na ukithibitishwa unajaziwa fomu iitwayo 32A mbele ya mawakala, kisha unapiga kura kama wengine. Nimeona kina mama wakigeuka kurudi nyumbani kimya baada ya mtambo kukataa mara mbili. Hilo liliniuma kuliko kelele zote za mawakala.

La tatu ni wenye haki ya kupita mbele: wazee, wagonjwa, wenye ulemavu, wajawazito na wanaonyonyesha. Wapisheni bila kunung'unika. Sitasema mengi juu ya watoto wa kuazimwa, lakini mnajua ninachosema. Mwaka 2017 mtoto mmoja mgongoni aliweza kupiga raundi na mama watatu tofauti, mpaka makarani wa vituo vingine wakaanza kuwapaka watoto wino kidoleni. Walio hapa wanaocheka, nawaona.

Asiyeona au asiyejua kusoma anaruhusiwa kuja na mtu anayemwamini amsaidie. Msaidizi huyo hujaza fomu na kuapa kutunza siri, na hawezi kumsaidia mtu zaidi ya mmoja. Usipokuwa na mtu, msimamizi wa kituo atakusaidia mbele ya mawakala.

La nne, karatasi sita. Rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge, mwakilishi wadi. Kila moja ina rangi yake na sanduku lake lina kifuniko cha rangi hiyo. Nyeupe ni ya rais. Weka alama moja tu, kwenye kisanduku cha mgombea mmoja. Usiandike jina lako, usitie sahihi, usimwandikie mtu ujumbe wa matusi, maana hakuna atakayeusoma ila karani aliyechoka. Ukikosea kabla ya kutumbukiza, mrudishie karani akupe nyingine. Mwaka 2022 kura 113,614 za urais zilikataliwa kote nchini, na pengo kati ya wagombea wawili wa kwanza lilikuwa 233,211. Kila moja kati ya kura hizo ni mtu aliyeamka, akapanga foleni, akapakwa wino, akarudi nyumbani akidhani amepiga kura.

Vituo hufungwa saa kumi na moja jioni. Aliye kwenye mstari saa hiyo atapiga kura hata kama giza litaingia, kwa hiyo mtu asiwaambie mwende nyumbani mkiwa ndani ya lango. Na wenye wafanyakazi, kina mama wa nyumba na wakandarasi, sheria inawataka mmpe mfanyakazi muda wa kutosha kwenda kupiga kura bila kumkata mshahara.

Baada ya hapo kura huhesabiwa papo hapo darasani, na fomu ya matokeo hubandikwa mlangoni. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Maina Kiai na wenzake, iliamua kwamba matokeo ya urais yaliyotangazwa kituoni ndiyo ya mwisho kwa kituo hicho. Mwaka 2022 fomu za urais za vituo, 34A, ziliwekwa kwenye mtandao wa Tume kila mtu azione. Asubuhi yake pitieni shuleni msome fomu ya darasa lenu. Ni dawa nzuri ya uvumi. Mtu akikupigia simu kusema "kura zetu Satellite zimeibwa", utamuuliza darasa lipi, fomu inasemaje.

Sasa narudi kwa jina lako, kwa sababu yote haya hayana maana kwa asiye kwenye orodha. Uchaguzi mkuu ujao, kwa mujibu wa Katiba, ni Jumanne ya pili ya Agosti, yaani tarehe 10 Agosti 2027. Tume ilirudia uandikishaji wa kuendelea tarehe 29 Septemba 2025 katika ofisi zake za maeneo bunge. Kaunti haiandikishi wapiga kura na haina daftari lao. Mkija ofisi ya wadi tutawaelekeza tu. Anayejisajili mara ya kwanza abebe kitambulisho halisi cha taifa au pasipoti inayotumika, si nakala na si ile karatasi ya kusubiri kitambulisho. Siku ya kura aje na hicho hicho alichojisajilia.

Aliyesajiliwa kwingine asijisajili upya, maana kujisajili mara mbili ni kosa. Aombe kuhamishwa. Nenda ofisi ya IEBC ya eneo bunge unaloishi sasa, sema unataka kuhamisha kituo, utajaza fomu. Sheria inataka ufanye hivyo si chini ya siku 90 kabla ya uchaguzi, kwa hiyo katikati ya Mei 2027 mlango utakuwa umefungwa. Mimi ningeenda sasa, wakati hakuna foleni.

Na wale mnaosema, "Mwalimu, nikihamisha kura, kwetu watasema nimewasahau," hilo nalielewa. Kwetu ni kwetu. Ila nimewauliza wengi wenu mara ya mwisho mlinywa maji ya kisima cha kijijini ni lini, na wengi mlitaja Krismasi. Maji ya Satellite mnayanywa leo, na mtungi wenu uko kwenye foleni hivi sasa tunapozungumza. Foleni ya maji mtungi unaweza kukushikia nafasi. Ile ya kura haikubali mtungi, na haikubali mtu ambaye jina lake limebaki kijijini.

Nilikuwa na mengine lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Mama mwenye leso ya manjano ameinua mkono tangu nilipotaja wino wa watoto. Tuanze na yeye.